Pilau ya Jumanne

Baba yangu alikuwa mpishi, na nyumbani kwetu hakujua vijiko vinakaa wapi. Nikiwaambia wajukuu zangu hivi hucheka, wakidhani natia chumvi. Sitii. Alikuwa mpishi wa shughuli, yaani harusi, hitima na maulidi, na katika Mji wa Kale wa Mombasa kulikuwa na familia zilizopanga siku ya harusi baada ya kumuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Alipika pilau ya watu mia nne uani kwa watu, amejifunga kikoi, fulana imelowa jasho, mwiko mrefu kama kasia mkononi, akizitukana kuni zilizokuwa mbichi. Wanaume watatu walikuwa chini yake, wakimtii kama askari. Akimaliza alirudi nyumbani, akaoga, akavaa kanzu, akakaa kungoja chai. Chai ikichelewa, alikohoa. Kila mtu ndani ya nyumba alikielewa kikohozi kile.

Sikuona ajabu yoyote, wala sikumjua mtu aliyeona. Masufuria makubwa ya nje yalikuwa ya wanaume, na vyungu vya ndani vilikuwa vya wanawake. Wali ni ule ule, moto ni ule ule, lakini mstari ulipita mahali fulani kati ya uani kwa watu na jikoni kwetu, na Baba hakuuvuka. Na wala si kwamba alikatazwa. Hakuwahi tu, na babake hakuwahi.

Mimi nilizaliwa na hasira za karibu, na mpaka leo ninazo, kwa hiyo nitasema wazi kwamba aliyenifundisha kuwa mwanamke ni Bibi, mama yake Baba, na somo hilo halikuwa na likizo. "Ndoo hapa," angeniambia, yaani njoo, kwa Kimvita chake cha zamani. "Kaa vyema. Miguu pamoja, upande mmoja. Kanga ifunike vifundo. Mbona wacheka mpaka meno ya nyuma yaonekana?" Hayo asubuhi. Adhuhuri tena, na jioni tena. Nilipofika miaka kumi na miwili nikavalishwa buibui langu la kwanza, na mwezi mzima nilijikwaa ngazini na njiani. Baada ya miezi sita sikujua tena kutembea namna nyingine, na watu walisema mtoto huyu ana mwendo wa kike, Mungu amemjaalia. Mungu alinijaalia miguu miwili. Mwendo ulitoka kwa Bibi.

Kaka yangu naye alifundishwa, ila kwa somo la kuacha. Alikuwa na miaka kama tisa alipomwaga mchanga ukumbini, akachukua ufagio mwenyewe aufagie. Bibi akaupokonya mkononi mwake na kunipa mimi, niliyekuwa na miaka mitano. "Nduguyo yupo, wewe wafagia nini?" Kaka alisimama pale mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Mpaka siku ile alijua kufagia vizuri tu. Baada ya siku ile hakujua.

Chumba cha chini, kilichotazama njia, Bibi alimpangisha Mkristo mmoja kutoka bara, karani kwenye maghala ya Shimanzi. Aliishi peke yake, na Bibi alimhurumia mno kwa sababu alijifulia, akajipigia pasi, akajipikia ugali na mboga. "Maskini, hana mtu," alisema Bibi kila alipousikia mwiko wake ukigonga sufuria. Wakati wa likizo mkewe alikuja kutoka kwao kumtembelea, na kuanzia jioni ile yule bwana hakujimiminia hata maji ya kunywa. Nilikuwa mtoto mchokozi, nikamuuliza kama amesahau kupika. Akacheka, akasema mke akiwepo, ni aibu.

Lakini kubwa zaidi ni yule mke. Asubuhi yake ya kwanza alimwona Baba akirudi sokoni na kikapu chake cha ukindu, mikia ya samaki ikichungulia nje, akaziba mdomo kwa mkono. Kwao, alimwambia Mama, mwanamume akionekana na kikapu cha sokoni, wenzake watamcheka mpaka ahame. Mama alishangaa vile vile. Kwetu wanaume ndio walioenda sokoni, na mwanamke wa heshima hakusimama katikati ya wachuuzi kubishana nao bei ya bamia. Yule mama akasema kwao yeye hulima, hubeba kuni kwa mgongo, na huuza sokoni mazao yake mwenyewe. Wakatazamana, kila mmoja akimsikitikia mwenzake. Mimi nilikuwa kati yao nachambua mchele, na nakumbuka nikifikiri kwamba lazima mmoja wao amekosea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyekosea, kila mmoja alizoea lake.

Sasa nije kwenye yaliyonipata. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami niko darasa la saba. Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani, na aliyefaulu alipata nafasi ya sekondari. Nafasi za wasichana zilikuwa chache, na katika mtaa wetu msichana aliyekwenda sekondari alihesabika kwa vidole. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kula. Mwalimu wetu alikuwa ameniambia mbele ya darasa kwamba nikikaza nitaipata, na maneno yale niliyalalia na kuyaamkia.

Miezi mitatu kabla ya mtihani, Mama aliteleza ngazini na ndoo ya maji, akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa hospitali wiki kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani na plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo, na amri ya kutoinuka mpaka aambiwe. Bibi macho yake yalikuwa na ukungu, hakuweza kukaribia moto. Dada yake Mama, aliyetupikia wiki zile za hospitali, alikuwa amerudi Malindi kwa watoto wake saba. Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na saba, kila alfajiri alienda Kilindini kusimama langoni mwa bandari akitafuta kibarua, na siku nyingi saa nne alikuwa amesharudi, amelala chali ukumbini. Na Baba, siku zisizo na shughuli, alikaa barazani.

Bibi hakukaa kikao wala hakuuliza mtu. "Mtoto wa kike yupo," alisema. "Shule basi."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama kanzu yake. Akakohoa, akatoka.

Nilikaa nyumbani siku nane. Nilipika kwa hasira, na hasira si kiungo kizuri. Niliunguza wali, nikatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, nikavunja bakuli la Bibi alilotoka nalo kwao. Wala sitasema liliniponyoka. Asubuhi nilipanda jikoni, ambako kulikuwa ghorofani upande wa nyuma, nikawasikia wasichana wenzangu wakipita njiani chini kwenda shule, na nililia huku nakuna nazi. Nilikuwa na wivu na watu wote wenye miguu. Mama alikuwa chumba cha pili, akinisikia, na kwa siku kadhaa alinielekeza tu kutoka kitandani kiasi cha maji na kiasi cha moto.

Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, Baba aliingia kumjulia Mama hali. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo. Sikukusudia kusikiliza, lakini niliposikia sauti ya Mama imekuwa ya upole kupita kiasi nilisimama, maana upole ule ulikuwa na meno.

"Baba watoto," alisema, "sisi tu watu wangapi humu ndani?"

"Watano."

"Na Ijumaa ulipikia wangapi?"

"Hayo mengine. Ile ni kazi."

"Na hii ya hapa ni nini?"

"Mkono hauendi," akasema Baba. "Si kwamba sitaki. Nikifika mlangoni pa jiko la humu, mkono hauendi."

"Utazoea. Mimi nimekuja nyumba hii sijui hata kupuliza moto. Nimelia moshi mwezi mzima, na mama yako shahidi. Unadhani nilizaliwa na upawa mkononi?"

Nilisikia pumzi ya Baba, ndefu, ya mtu anayetaka kunyanyua gunia.

Kesho yake, siku ya Jumanne, nilipoamka nilimkuta Baba amesimama mlangoni pa jikoni na kikoi chake cha kazini. "Nenda shule," aliniambia, bila kunitazama. Kisha akaingia, akafunga dirisha, akafunga na mlango. Dirisha la jikoni kwetu lilitazamana na la jirani, karibu kiasi cha kupeana chumvi mkono kwa mkono, na hakutaka mke wa jirani amwone. Niliteremka ngazi mbili mbili. Kama kuna siku nimekimbia ndani ya buibui, ni ile.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Kaka, na Mama, na Bibi, kila mmoja kwa namna yake. Baba alijifungia mle ndani na moshi wake na kufanya jambo pekee ambalo mikono yake ilijua kulifanya. Alipika pilau. Na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kupika chakula cha watu watano, alichukua sufuria yake ya kazini iliyokuwa ndogo kuliko zote, ya watu arobaini. Alikuwa na mchele aliopewa kwenye harusi ya juma lililopita. Akapima kwa pishi, kama alivyozoea, na kila kitu kingine kikafuata pishi, vitunguu, nyama, bizari. Alipofunua kifuniko ndipo alipoona alichokifanya.

Chakula hakitupwi, na nyama kwenye joto la Mombasa haingoji kesho. Kwa hiyo alifanya linalofanywa na kila nyumba ya mtaa ule chakula kikizidi. Alipakua sahani, akazifunika kawa, akamtuma Kaka azipeleke kwa majirani. Kaka aliagizwa asiseme neno. Akabisha hodi, akatoa sahani, akainamisha kichwa, akaondoka. Milango kumi na saba.

Sasa fikiria wewe ni mke wa mtu katika mtaa ule. Jumanne, saa sita mchana, unaletewa sahani ya pilau. Unaionja, na kabla hujameza unajua ni mkono wa nani, maana mkono ule umekulisha harusi yako mwenyewe. Pilau ya shughuli, lakini hukusikia shughuli. Dirisha la jikoni limefungwa tangu asubuhi. Kijana aliyeileta kainama, hataki kuulizwa. Na mke wa nyumba ile yuko kitandani miezi, hawezi kumpikia mumewe. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa hodari wa hesabu za namna hii. Jibu walilopata wote, kila mmoja jikoni kwake, lilikuwa moja: mume kaoa mke wa pili, kimya kimya.

Nilipotoka shule nilikuta ndara zimejaa mlangoni. Nilidhani Mama amekufa. Nilipanda ngazi mbio, nikaingia chumbani, nikakuta wanawake kumi na kitu wamekaa chini kuzunguka kitanda, mabuibui yameteremshwa mabegani, nyuso za msiba. Mmoja alikuwa ameushika mkono wa Mama na kuupapasa.

"Vumilia, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Mwanamume hawezi kukaa miezi yote hiyo bila wa kumpikia. Ndivyo walivyoumbwa."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. Wenzake walidhani analia. Mimi niliyemjua nilisogea, nikaona anacheka, anacheka mpaka plasta inamuumiza, machozi yanamtoka kweli. Nikamwona akijikaza. Angeweza kuwaambia palepale. Neno moja tu. Hakulisema, kwa kuwa aibu, kama ipo, ilikuwa ya Baba, na alimwachia mwenyewe aamue.

"Sina niwezalo kusema," aliwajibu, sauti ikimtetemeka. "Muulizeni mwenyewe."

Walipoondoka, Bibi alimwita Baba chumbani kwake na kufunga mlango, lakini Bibi alikuwa haoni vizuri, na wasioona vizuri hudhani na wengine hawasikii. Alisema kwa sauti ya kunadi samaki. Kwamba jambo hili lina njia nyepesi ya kutokea. Aseme pilau imepikwa na mtoto. Kwamba amekuwa akimfundisha. Watu wataamini, na si kuamini tu, watasifu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayepika vile, kabla ya mwezi kwisha posa zitakuwa mlangoni, na nyumba nzuri za kuchagua. "Jina lako litabaki safi, mwanangu, na mtoto atapata mume."

Nilibaki pale ukumbini nimeganda. Nilielewa mara moja. Uongo ule ulikuwa mzuri mno. Haukumuumiza mtu, ulimstiri Baba, ulimpendeza Bibi, ulinipa mimi sifa ambayo wasichana wengine wangeililia. Na ukishasemwa barazani mara moja, sikuwa tena mwanafunzi anayemsaidia mama mgonjwa. Nilikuwa mwali anayepika. Nisingerudi darasani kamwe. Nilimchukia Bibi siku ile, Mungu anisamehe, nilimchukia kwa moyo wote.

Baba alitoka chumbani, akanikuta pale. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kunitazama. Kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali.

Baada ya alasiri wanaume walikaa barazani kwetu, kama kila siku, na muuza kahawa akiwa na buli lake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa mbele, nimeegemea ubao, buibui nimelishika mkononi. Kwanza walizungumza habari za meli iliyokwama bandarini. Halafu mzee mmoja, fundi seremala aliyekuwa rafiki wa Baba tangu madrasa, akasema, "Haya, bwana. Hongera. Ingawa sisi wenzako ulituona hatufai kualikwa."

"Hongera ya nini?" akauliza Baba.

"Ya bibi harusi. Pilau tumekula."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Nilijua Baba yuko kwenye mlango wa jikoni tena, ule ule, ila safari hii na watu wanamtazama. Nilianza kuhesabu moyoni, sijui kwa nini. Nilifika tisa.

"Sikuoa," akasema Baba. "Pilau nimepika mimi, humu ndani. Wa nyumbani kwangu hawezi kuinuka, na mtoto ana mtihani."

"Mtoto yupi?"

"Binti."

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake. Kisha mtu akacheka, mwembamba mmoja mwenye duka la nguo, mtu wa maneno. "Basi bwana, kesho tutakuletea kanga, ujifunge vizuri."

Baba yangu hakuwa mtu wa kujibizana. Ila hasira zangu sikuziokota njiani. "Harusi ya mwanao ulikula sahani tatu," akamwambia, pole pole. "Nilizipika mimi. Nilikuwa nimevaa nini?"

Walicheka mpaka yule mwenye duka naye akacheka, akigonga paja lake. Fundi seremala akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "Kwani huo mtihani ni lini?" Baba akamwambia. Akaitaja siku, tarehe na mwezi, mambo ambayo sikujua kwamba anayajua. Nilikaa chini pale pale nyuma ya mlango, nikalia kwa furaha, kwenye buibui langu.

Usidhani dunia iligeuka siku ile. Kwa wiki kadhaa Baba aliitwa mke mwenza, na akipita na kikapu chake watu walimuuliza kama mume hajambo. Bibi alikula chakula alichopika mwanawe akiwa amefumba macho, kana kwamba anakunywa dawa. Siku za kwanza Baba hakufungua dirisha. Baadaye moshi ukamshinda, akalifungua, na mke wa jirani akamwona, akashtuka, akajifunika, na Baba akageuka upande. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kesho kutwa yule mama alimsalimu "Sabalkheri" akiwa ameangalia pembeni. Juma la tatu walikuwa wanapeana chumvi.

Alikosea mengi. Alichukua siku nyingi kujua mchele wa watu watano ni kiasi gani, na wakati huo mtaa wetu ulinenepa. Kaka naye alianza kuteka maji na kuosha masufuria, kwanza kwa kulaumu, kisha kwa kunyamaza, na siku moja nilimkuta anafagia ukumbi bila kutumwa, na Bibi amekaa pale pale, haoni au hataki kuona. Jioni mimi nilisoma kando ya kitanda cha Mama, naye akinishikia kitabu asichoweza kukisoma na kuniuliza, "Umesema sawasawa?" Nikisita tu, alijua sijui, akanirudisha mwanzo.

Siku moja karibu na mtihani, yule mwenye duka la nguo, wa kanga, alikuja kwetu kwa mlango wa uani, akitazama nyuma yake. Mkewe alikuwa amejifungua, siku ya tano tu, na aliyekuwa akimwangalia amepata homa. Akamuuliza Baba kwa sauti ya chini uji wa mzazi unatiwa pilipili manga kiasi gani. Baba hakumcheka. Alimweka jikoni, akamwonyesha.

Asubuhi ya mtihani Baba aliniletea chai mwenyewe, na mahamri mawili, moja limeungua kidogo upande. Nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni.

"Baba, hukuona haya?"

Alifikiri. "Niliona," akasema. "Siku ya kwanza niliona haya, nilitaka ardhi inimeze. Ya pili vile vile. Baadaye nikawa naamka nafikiria vitunguu tu." Akachukua kikombe kitupu. "Kunywa, utachelewa."

Nimeishi na maneno yale zaidi ya miaka hamsini, nimefundisha watoto wa watu, nimelea wangu, na kila ninapomsikia mtu akisema mwanamume ameumbwa hivi na mwanamke vile namkumbuka Baba na vitunguu vyake. Yeye mwenyewe asingekubali kwamba alikuwa anabishana na mtu. Alikuwa anapika.

Matokeo yalibandikwa ubaoni shuleni mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wakati huo Mama alikuwa ameshasimama, anachechemea, na jikoni kumerudi mikononi mwake, na Bibi alikuwa ameshukuru kwa sauti kwamba mambo yamerejea mahali pake. Baba alitoka nami asubuhi, akapitia sokoni, kisha akasimama nje ya lango la shule na kikapu chake, uso ameuinamisha kwa adabu kwa kuwa wasichana walikuwa wengi. Alisoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa, lakini zile za ubaoni hakuzijua. Nilijipenyeza mpaka mbele, nikatafuta, nikatafuta tena kwa kidole nisije nikakosea mstari, nikarudi kwake.

"Umo?" akaniuliza.

"Nimo, Baba."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Tukatembea mpaka mtaani kwetu, ambako wale wa barazani walikuwa wamekaa na kahawa yao ya asubuhi. Fundi seremala alimtazama Baba usoni, kisha akanitazama mimi. "Kapita?"

"Kapita."

"Alhamdulillahi. Basi shughuli lini, tuje tule?"

"Leo," akasema Baba, na alisema kwa sauti iliyosikika mpaka madirisha ya juu. "Leo napika mimi, nyumbani kwangu. Njooni nyote."

Nilinyoosha mkono nimpokee kikapu, kwa mazoea. Akakihamishia mkono wake wa pili, tukapanda ngazi.